UZI: Masta ya uhifadhi wa sanaa na kazi ya makumbusho, kwa mtu anayeanzia Lubumbashi

MlinziWaGhala (mwanzishaji)

Jambo bandugu. Kila msimu wa maombi ukikaribia maswali hapa jukwaani ni yale yale: chuo gani, nani analipa, barua iandikwe vipi. Tuyaweke kwenye uzi mmoja. Wenye kujua waongeze, wenye kupinga wapinge.

Kwanza ujue unaomba kazi ipi, maana watu wanachanganya. Mhifadhi anabeba mkusanyiko: anajua kilichopo, kilitoka wapi, kiko katika hali gani, na ndiye anayeulizwa kikipotea. Regiseri anafuatilia mwendo wa vitu, mikataba ya kuazimana, bima na masanduku. Mrestoreta anatibu kitu chenyewe, na hiyo ni shule nyingine kabisa yenye kemia nyingi. Komiseri wa maonyesho anachagua kazi na kuzipanga ili zizungumze na mtazamaji. Ulaya hao ni watu wanne. Kwetu mara nyingi ni mtu mmoja.

Shida ni kwamba masta nyingi zenye jina tamu zinafundisha ukomiseri peke yake. Mtu anarudi akijua kuandika maneno ya ukutani, lakini hajawahi kufungua kabati lenye vinyago visivyo na namba. Na kwetu kazi iko ghalani. Makumbusho ya Lubumbashi ilianzishwa 1946, ina akiolojia ya bonde la Upemba, misalaba ya shaba, vitu vya Waluba na majirani zao. Anayetafuta mtu wa kuajiri anatafuta mtu wa kujua hivyo vitu viko wapi na vina hali gani. Kwa hiyo ukisoma programu ya chuo, hesabu saa za inventari (kuorodhesha vitu), uhifadhi wa kinga (kuzuia kitu kisiharibike) na staji (mafunzo ya kazini) ndani ya ghala. Kama hazipo, hiyo ni masta ya maonyesho, hata kama jina linasema makumbusho.

Dada_Katuba

Aksanti yaya. Mwenye lisansi ya historia ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) anaruhusiwa, au lazima atoke shule ya sanaa?

Regiseri_Kampemba

Historia, antropolojia, akiolojia, sanaa, zote zinakubalika. Kinachowakwamisha watu wetu ni hilo neno lisansi lenyewe. Katika mfumo wa zamani, graduwa ni miaka 3 na lisansi miaka 2, jumla 5. Katika LMD, mfumo mpya, lisansi ni miaka 3 na masta 2. Ofisi ya udahili nje ya nchi ikiona neno hilo inadhani ni miaka 3 tu. Kama wewe ni wa mfumo wa zamani, andika wazi kwenye CV: «miaka 5 ya chuo kikuu baada ya diploma ya serikali» (yaani ile ya sekondari), na upeleke matokeo ya miaka yote mitano. Wengi wanapeleka ya L1 na L2 tu, yaani miaka miwili ya lisansi, dosie (faili la maombi) inarudishwa au inahesabiwa nusu.

Matokeo yawe na muhuri wa kitivo. Yaombe mapema sana, sekretarieti haikimbizwi na tarehe za Wazungu.

Vyuo sasa, vile ambavyo mtu wa Lushi anaweza kuvifikiria.

Université Senghor ya Alexandria, Misri. Kifaransa, miaka miwili, idara ya utamaduni, mkondo wa usimamizi wa urithi wa utamaduni. Huchukua wanafunzi kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo ukikosa tarehe unangoja sana. Wanaoteuliwa kwa ufadhili hawalipi masomo. Inamfaa anayetaka kuendesha taasisi: bajeti, miradi, sheria. Anayetaka kuzama kwenye historia ya sanaa atabaki na njaa.

Liège, Ubelgiji. Masta ya historia ya sanaa na akiolojia yenye mkondo wa museolojia, krediti 120, yaani miaka miwili na tasnifu. Tahadhari: ukitoka fani nyingine wanaweza kukuongezea masomo ya kujazia, hadi krediti 60. Hapo miaka miwili inakuwa mitatu, na aliyekuahidi kukulipia alihesabu miwili. Uliza hilo kabla ya kusema ndiyo.

Cape Town. Pale Michaelis, shule ya sanaa ya chuo kikuu, kuna Honours ya uhifadhi, mwaka mmoja, inayofundishwa na Centre for Curating the Archive pamoja na makumbusho za Iziko. Kwa maoni yangu ndiyo inayogusa vitu kwa mikono kuliko zote nilizotaja. Lakini Honours haijafika masta: Afrika Kusini ni ngazi ya 8, masta ni ya 9. Mwaka wao unaanza Februari, maombi yanafungwa mwaka uliotangulia. Diploma ya kigeni inaweza kudaiwa tathmini ya SAQA, mamlaka yao ya kupima vyeti, na hiyo inachukua muda wake.

Leicester, Uingereza, ina shule ya masomo ya makumbusho tangu 1966 na inatoa pia masomo ya mbali. Ya mbali inamfaa aliyeko kazini tayari.

Mwana_wa_Kenya

Na ile ya Paris, INP (Institut national du patrimoine)? Yenyewe si ndiyo inatoa wahifadhi wa kweli?

Regiseri_Kampemba

INP unaingia kwa mashindano, unasoma miezi 18, unatoka mtumishi wa umma wa Ufaransa. Haijatengenezwa kwa ajili ya mtu anayetafuta diploma arudi nayo Kongo. Ukitaka Paris, angalia École du Louvre au vyuo vikuu vyenye masta ya museolojia.

Kwa aliye tayari kwenye makumbusho na hawezi kuondoka miaka miwili, kuna École du Patrimoine Africain ya Porto-Novo, Benin, iliyoanzishwa 1998 kutokana na PREMA, programu ya mafunzo ya ICCROM, shirika la kimataifa la kutunza urithi wa utamaduni. Mafunzo yake yametengenezwa kwa makumbusho za Afrika, siyo kwa jumba lenye viyoyozi vinavyofanya kazi saa 24.

Dada_Katuba

Ufadhili je? Hapo ndipo ndoto zetu zinaishia.

Ruashi_Juu

Dada, kwa Uingereza kuna Chevening: mwaka mmoja wa masta, unatakiwa uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, wao wanahesabu saa 2,800, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka 2. Kazi ya kujitolea na staji zinaingia katika hizo saa, kwa hiyo kila staji chukua cheti chenye tarehe na idadi ya saa. Cheti kinachosema «alifanya staji vizuri» hakina faida. Maombi hufunguliwa Agosti. Masomo ya mbali hawayalipii, kwa hiyo Leicester ya mbali na Chevening haviendi pamoja.

Ubelgiji angalia burusi (ufadhili) za ARES, shirika la vyuo vya juu vya upande wa Kifaransa. Na AfricaMuseum ya Tervuren hupokea watafiti na wafanyakazi wa makumbusho wa Kiafrika kwa muda mfupi. Si masta, lakini kwenye CV ina uzito.

FundiNamba

Mnazungumza vyuo na burusi, sawa. Mimi niseme kinachofanya dosie moja isomwe mpaka mwisho na nyingine iwekwe pembeni. Barua zote zinasema «ninapenda sana utamaduni wetu». Anayesoma barua mia moja hiyo sentensi haioni tena. Ambatisha inventari ndogo uliyoifanya mwenyewe. Vitu 30. Siyo 300, maana 300 utazifanya vibaya.

Vipatikane wapi? Andikia makumbusho, shule, parokia yenye chumba cha vitu vya zamani, au kituo cha sanaa. Barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi ubaki nayo. Omba ruhusa ya kutengeneza kadi na kupiga picha kwa ajili ya masomo, na sema wazi kwamba nakala nzima ya kazi itabaki kwao. Hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango.

Kadi ifuate Object ID, kanuni ya kimataifa ya kukitambua kitu kilichoibwa: picha, aina ya kitu, malighafi na ufundi, vipimo, maandishi au alama, dalili za pekee, jina, kinachoonyeshwa, kipindi, mtengenezaji. Ongeza vitatu: hali yake leo, mahali kilipo ghalani, na kilivyofika pale.

Vipimo viandikwe kwa mpangilio mmoja kila mara, kimo × upana × kina, kwa sentimita. Ukibadilisha mpangilio kwenye kadi ya kumi na mbili, inventari nzima haiaminiki tena. Picha iwe na rula ya sm 10 na kadi ya kijivu, mandhari tupu, mwanga kutoka pembeni, pande nne na chini ya kitu. Jina la faili liwe namba ya kitu, siyo IMG_4471.

Maelezo yawe ya macho, siyo ya sifa. «Kigoda kizuri cha kifalme cha Waluba» hakimsaidii polisi wala mtafiti. Andika hivi: kigoda cha mbao, mwanamke amepiga magoti anashikilia kikalio kwa vidole vya mikono yote miwili, makovu ya urembo tumboni, ufa wa sm 6 upande wa kushoto wa kikalio, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakipo, matundu madogo ya fukusi chini. Mtu akifumba macho akione. Kuwa cha kifalme ni madai, yanahitaji ushahidi, yaandikwe kwenye sehemu nyingine ya kadi.

Namba: mwaka wa kuingia, kundi, kitu. 2024.3.12 ni kitu cha 12 cha kundi la 3 lililoingia 2024. Kama kuna namba ya zamani usiifute kamwe hata ikikuudhi, ndiyo kamba pekee inayokifunga kitu na daftari la zamani.

Mwana_wa_Kenya

Namba inaandikwa na nini? Naona sehemu nyingi ni bic au plasta.

FundiNamba

Bic inapenya kwenye mbao na haitoki. Plasta inaacha gundi inayokusanya vumbi, kisha inadondoka na namba inalala chini ya rafu. Kanuni ni kwamba alama iweze kuondolewa bila kukidhuru kitu, lakini isitoke yenyewe. Njia ya kawaida ni Paraloid B-72, utomvu wa kiwandani usio na rangi, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kama asilimia 20: tabaka jembamba, liache likauke, andika kwa wino wa pigmenti, kisha tabaka la pili juu. Iwekwe mahali pasipoonekana mbele na pasiposhikwa. Usiitumie kwenye rangi, plastiki, lacquer wala mbao inayomeng'enyuka. Na dirisha liwe wazi, asetoni si ya kuchezea chumbani.

Kwa raffia, nguo na manyoya, shona utepe wa pamba wenye namba. Ukikosa utepe, kitambaa cha amerikani kinafaa, ila kifuliwe kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka wanga wa kiwandani uishe. Wanga unaita wadudu. Na vaa glovu za nitrile: vitu vya zamani vingi vilinyunyiziwa arseniki au DDT, na hiyo sumu bado ipo.

MlinziWaGhala

Hapo Fundi kagusa. Nadokeza la mahojiano: watakuuliza ungeanza na nini ukikabidhiwa ghala lililovurugika. Jibu baya ni «ningenunua rafu». Jibu zuri ni kuitaja RE-ORG, njia ya ICCROM iliyotengenezwa kwa makumbusho ndogo zenye vitu hadi 10,000, na kuonyesha unaielewa. Unaangalia mambo manne: uongozi, jengo na nafasi, mkusanyiko, samani. Unajipima kwa vigezo. Viwili vinatosha kuonyesha uko serious: kila kitu kipatikane ndani ya dakika tatu, na kifikiwe bila kuhamisha zaidi ya vitu viwili. Ghalani vikae vitu vya mkusanyiko tu. Viti vibovu, mabango ya sherehe na jenereta vitoke. Mara nyingi hiyo peke yake inarudisha nafasi kubwa, na haina gharama.

Vitu visikae sakafuni, viinuliwe kama sm 10. Visigusane na ukuta wa nje, maana hapa kwetu kuanzia Novemba hadi Machi ukuta unakunywa maji ya mvua. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 ukungu unaanza. Halafu Agosti na Septemba hewa inakauka, na mbao iliyovimba inasinyaa ikapasuka. Kinachoua mbao zaidi ni huo mruko kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Msalaba wa shaba unaotoa unga wa kijani hafifu usiuweke kwenye boksi moja na mingine. Utenge, weka pakavu pamoja na silica gel (chembe zinazonyonya unyevu), usiusugue.

Ruashi_Juu

Na fukusi? Staji nyingi hapo ndipo kazi inapoanza.

MlinziWaGhala

Ukiona unga mpya wa mbao chini ya kinyago, kitenge siku hiyo hiyo. Njia isiyo na sumu ni friza. Kifunge ndani ya plastiki ya polyethylene, toa hewa, ziba kabisa, kaa −20 °C kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue plastiki kwa saa 24, la sivyo maji ya hewani yatagandia juu ya kitu.

Tatizo letu ni SNEL, shirika la umeme. Umeme ukikatika joto likapanda, kuhesabu kunaanza upya, maana wadudu wakipoa polepole wanazoea. Weka thermometa inayoandika joto la juu kabisa, ndipo utajua usiku kulitokea nini. Bila jenereta ya uhakika usiahidi friza kwenye mradi wako. Na pembe za ndovu, michoro ya rangi na vioo haviingii humo.

Picha_na_Ukuta

Niruhusuni nipinge. Mnafanya kama sanaa ni vinyago tu. Lubumbashi ina Biennale, maonyesho ya sanaa ya kisasa, tangu 2008, ina vituo vya sanaa vya Picha na Waza. Simon Njami, Elvira Dyangani Ose, Toma Muteba Luntumbue, Sandrine Colard, wote wamepanga maonyesho ya Biennale hapa hapa. Kijana anaweza kujifunza ukomiseri bila kugusa friza. Na kazi zinapatikana huko kuliko serikalini, ambako kupata kazi ni jambo moja na kupata matrikule (namba ya mtumishi wa serikali) ni jingine.

Regiseri_Kampemba

Kweli kabisa kuhusu matrikule, mkubwa. Lakini hata huko kwenye Biennale nani anajaza ripoti ya hali kazi ikifika? Nani anasoma mkataba wa bima unaosema msumari hadi msumari, yaani kuanzia kazi inapotolewa ukutani kwa mwenyewe mpaka inaporudishwa ukutani kwake? Kazi ikivuka Kasumbalesa ndani ya sanduku la mbao lisilo na muhuri wa ISPM 15 (kwamba mbao imetibiwa dhidi ya wadudu), inaweza kuzuiwa mpakani, na maonyesho yanafunguliwa na ukuta mtupu. Ukomiseri usio na regiseri ni hotuba.

Halafu chukua wachoraji wa mjini kama Tshibumba Kanda-Matulu, wa miaka ya 1970. Ni sanaa ya kisasa, sawa? Lakini imechorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Kitambaa kinalegea, rangi inapasuka. Hapo umesharudi kwetu ghalani.

Picha_na_Ukuta

Nakubali nusu. Ila na ninyi mkubali kwamba mhifadhi asiyejua kuonyesha anaishia kulinda vitu visivyoonwa na mtu. Kwa anayekwenda upande wangu, dosie iwe na pendekezo moja la maonyesho lililokamilika: ukurasa mmoja wa wazo, orodha ya kazi 12 hadi 15 zenye vipimo na wamiliki, ramani ya chumba kwa kipimo cha 1:50, bajeti yenye akiba ya asilimia 10. Katikati ya picha ikae kama sm 150 kutoka sakafuni. Karatasi na nguo zisizidi lux 50, rangi za mafuta 150 hadi 200, na programu ya simu ya kupima mwanga isiaminiwe. Maelezo ya kitu maneno 50 au 60, kwa Kifaransa na Kiswahili. Bajeti ndiyo inayowaumbua wengi: wanasahau usafiri wa kurudisha kazi.

Dada_Katuba

Nimeandika yote. Tasnifu je, mada gani inabeba?

FundiNamba

Asili ya vitu. Hilo ndilo soko la sasa, na Kongo ipo katikati yake. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu kama 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni mwaka huo mfalme Philippe akaleta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo wa muda mrefu, siyo kurudishwa. Julai 3 ikatoka sheria yao ya kurudisha mali za kikoloni, ambayo haigusi mabaki ya binadamu wala nyaraka. Nani atasoma hiyo orodha mstari kwa mstari? Lazima wawe wahifadhi wetu.

Mfano wa karibu: Lusinga, chifu wa Watabwa upande wa ziwa Tanganyika. Mwaka 1884 watu wa Émile Storms walimuua wakamkata kichwa, sanamu yake ikachukuliwa na iko Tervuren, fuvu likaenda taasisi nyingine ya Brussels. Kisa kimoja, vitu viwili, na sheria ya 2022 inahusu kimoja tu. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu.

Ila usichukue mada pana kama «kurudishwa kwa sanaa ya Kiafrika». Chukua kundi moja, mfano vitu vilivyokusanywa na mtu mmoja katika wilaya moja, vitu 20 au 40. Linganisha daftari la kuingia, namba zilizoandikwa kwenye vitu, barua za mkusanyaji, kisha nenda kijijini na picha. UNILU ina wanahistoria waliozoea masimulizi, mradi wa Mémoires de Lubumbashi uliwafundisha wengi namna ya kuhoji wazee na kukusanya vitu vya nyumbani. Tafuta msimamizi wa pili huko, hata kama unasoma Liège.

Na usiogope kuandika la nyumbani pia. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilileta Kinshasa vitu 114, vingine baadaye vikaibwa. Wakikuuliza kwenye mahojiano «vikirudi vitakaa salama?» usikasirike. Jibu kwa inventari, Object ID, RE-ORG na funguo za ghala ziko kwa nani.

Mwana_wa_Kenya

Swali dogo la mwisho. Nyumbani kuna msalaba wa shaba wa babu. Naweza kuubeba kwenye mahojiano nje, wauone kwa macho?

Regiseri_Kampemba

Hapana, kaka. Vitu vya kale vinalindwa na ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, kuvitoa nchini kunahitaji ruhusa ya wizara. Ukikamatwa na DGDA (forodha) uwanja wa ndege wa Luano unapoteza msalaba na safari kwa pamoja, na hao unaokwenda kuwaona wanaijua kanuni ya maadili ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho: mwombaji anayefika na shaba ya kale mfukoni bila karatasi amejikataa mwenyewe. Upime, upige picha pande zote na rula ya sm 10, upime uzito kwa gramu, andika babu aliupata kwa nani na mwaka gani kama wazee wanakumbuka. Kadi hiyo iweke ya kwanza kati ya zile 30.